Mvinyo wa Bordeaux ni wa Kunywa, Si wa Kuwekea Akiba

Wenye fedha za ziada wameaminishwa kwamba mvinyo mwekundu wa Bordeaux ni mahali salama pa kuweka mtaji. Maelezo yake yamenyooka. Kila nyumba mashuhuri ya huko Ufaransa hutoa chupa chache kwa mwaka, na hakuna awezaye kuongeza chupa hata moja ya mwaka uliokwisha kupita. Watu hunywa, chupa hupungua. Zinazobaki hukomaa, na zikikomaa huwa bora zaidi. Kwa hiyo bei haina pa kwenda ila juu. Maelezo haya yamo katika vijitabu vya makampuni ya London, yamo katika kurasa za fedha za magazeti makubwa, na siku hizi yanawafikia hata ndugu zetu wanaofanya kazi Uingereza, kwa simu na kwa WhatsApp.

Nayapinga yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Siandiki kwa chuki ya pombe. Asiyekunywa kwa dini yake au kwa hiari yake ana haki yake, na makala haya hayamgusi ila kwa upande wa fedha. Naandika kwa sababu naupenda mvinyo wenyewe, nawaheshimu wanaoulima, na nimeona akiba za watu zikipotelea katika maghala ambayo hawajawahi kuyatia mguu.

Tuanze na uchache, maana ndiyo nguzo yao kubwa. Ni kweli chupa za mavuno fulani hupungua mwaka hadi mwaka. Lakini uchache peke yake haupandishi bei ya kitu chochote. Anayepandisha bei ni mnunuzi mwenye fedha na hamu, na mnunuzi huyo huja na huondoka. Bordeaux imemshuhudia akiondoka zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bei zilipaa mno, na mavuno dhaifu ya 1972 yakauzwa ghali kupita thamani yake. Kisha mwaka 1973 bei ya mafuta ikaruka duniani kote, na mwaka uliofuata ikasikilizwa mahakamani kesi ya mvinyo wa bei rahisi uliokuwa umepewa hati za Bordeaux. Soko likaporomoka. Idadi ya chupa za 1972 haikuwa imeongezeka hata moja. Wanunuzi ndio waliotoweka.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Lafite na China. Februari 2008 Hong Kong ilifuta ushuru wa mvinyo, na fedha za matajiri wapya wa China bara zikamiminika mnadani. Jina walilolipenda kuliko yote lilikuwa Château Lafite Rothschild. Oktoba 2010, katika mnada wa Sotheby's mjini Hong Kong, chupa 3 za Lafite ya 1869 ziliuzwa kila moja kwa zaidi ya dola 230,000 za Marekani. Mwezi huo huo nyumba ya Lafite ikatangaza kwamba chupa za mavuno ya 2008 zitachorwa tarakimu 8 kwa maandishi ya Kichina, namba ambayo Wachina wanaamini ina bahati. Bei ikaruka papo hapo. Kreti ya chupa 12 ambayo mwaka 2009, ilipotolewa, ilipatikana London kwa takriban pauni 2,000, ikavuka pauni 10,000.

Katikati ya 2011 soko likageuka. Mwishoni mwa 2012 uongozi mpya wa Beijing ukaanza kuwabana maofisa wa serikali waliozoea kupeana zawadi za anasa, na mvinyo wa Lafite ulikuwa mojawapo ya zawadi hizo. Fahirisi ya Liv-ex 100, ambayo ndiyo kipimo kinachonukuliwa zaidi katika biashara hii, ilishuka kwa karibu theluthi kati ya katikati ya 2011 na katikati ya 2014. Kreti ile ya 2008 ikapoteza sehemu kubwa ya bei yake ya kileleni. Mvinyo ndani ya chupa ulikuwa ule ule, umezidi kukomaa kwa miaka mitatu, na chupa zilikuwa zimepungua kama nadharia inavyotaka. Kama uchache na ukomavu ndivyo vinavyopanga bei, anguko lile lisingetokea. Lilitokea, tena likajirudia: Septemba 2022 soko hilo lilianza kushuka tena, na katika miaka miwili iliyofuata likapoteza takriban robo ya thamani yake.

Hapo watetezi hukimbilia hoja nyingine. Husema mvinyo haufuati mwendo wa masoko ya hisa, kwa hiyo humkinga mwekezaji siku mambo yanapoharibika. Lakini miezi ya mwisho ya 2008, hisa zilipokuwa zikianguka kote duniani, mvinyo nao ulianguka. Na kwa nini usianguke? Mnunuzi wa nyumba kama Latour na Margaux ni mtu wa benki, mtu wa mafuta, mtu wa majengo, mwenye kiwanda Shenzhen. Biashara yake ikiyumba, kitu cha kwanza kukiacha ni kreti ya mvinyo wa maelfu ya pauni. Kinga inayotoweka siku ya dhoruba si kinga. Isitoshe, utulivu wanaoutaja unatokana kwa kiasi kikubwa na uvivu wa soko lenyewe. Hisa huuzwa kila dakika na bei yake huonekana. Kreti ya mavuno fulani inaweza kukaa wiki nyingi bila kuuzwa hata moja, na bei iliyoandikwa ikabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyeijaribu.

Kuhusu fahirisi zenyewe, msomaji anastahili kujua jinsi zinavyotengenezwa. Liv-ex ni soko la wafanyabiashara wa mvinyo lililoanzishwa London mwaka 2000, na kazi yake kwa wafanyabiashara ni ya manufaa, sina ugomvi nayo. Fahirisi yake hupigwa kwa kuchukua bei ya katikati, kati ya ile ambayo muuzaji anaitaka na ile ambayo mnunuzi yuko tayari kulipa. Mtu binafsi hauzi kwa bei ya katikati. Huuza kwa bei ya mnunuzi, kisha hukatwa kamisheni ya wakala, ambayo London kwa kawaida ni asilimia 10. Na wakati wote huo alikuwa akilipia ghala na bima.

Tufanye hesabu. Umenunua kreti kwa pauni 5,000. Miaka mitano baadaye orodha za maduka zinaonyesha pauni 6,000, na kijitabu cha kampuni kinakupongeza kwa faida ya asilimia 20. Unataka kuuza. Mnunuzi anatoa asilimia 10 chini ya bei ya orodha, yaani 5,400. Wakala anakata pauni 540, unabaki na 4,860. Ghala na bima, tuseme pauni 15 kwa mwaka, ni pauni 75 kwa miaka mitano. Mkononi mwako zinaingia 4,785. Umepata hasara ya pauni 215 kwenye mali iliyopanda kwa asilimia 20, na hapo bado hatujagusa mfumuko wa bei wa miaka mitano.

Nyumba hukupa kodi ya pango kila mwezi, ng'ombe hukupa maziwa na ndama, hisa ya kampuni nzuri hukupa gawio. Kreti ya mvinyo haikupi kitu hata siku moja. Inakula ada ya ghala na kusubiri mtu mwingine aje ainunue ghali kuliko ulivyoinunua wewe. Hilo ndilo tumaini pekee lililomo ndani yake kama kitega uchumi.

Najua jibu litakalokuja: vipi kuhusu walionunua mavuno ya 1982? Ni swali la haki na linastahili jibu kamili. Mavuno yale yalikuwa ya ajabu. Mwandishi Mmarekani Robert Parker, aliyekuwa ameanzisha jarida lake la mvinyo mwaka 1978, aliyasifu kwa sauti kubwa wakati wengine wakisitasita, na alama zake kati ya 100 zikawa ndizo zinazoongoza fedha za Wamarekani. Wakati huo dola ilikuwa na nguvu na nyumba kubwa kabisa za Bordeaux ziliuza kreti kwa mamia ya pauni. Walionunua wakasubiri, wakapata faida kubwa sana. Hilo halina ubishi.

Lakini faida ile ilikuwapo kwa sababu wenye nyumba waliiachia. Bordeaux huuza mvinyo wake kwa mtindo uitwao en primeur. Zabibu huvunwa Septemba na Oktoba. Masika yanayofuata, mvinyo ukiwa bado mchanga kwenye mapipa ya mwaloni, waandishi na wanunuzi hualikwa kuuonja. Bei hutangazwa, madalali huchukua asilimia 2 yao, wafanyabiashara wa jumla wa mji ule husambaza kwa waagizaji wa nchi mbalimbali, na wewe mnunuzi wa mwisho hulipa sasa kwa chupa utakayoipata takriban miaka miwili baadaye. Zamani mtindo huu ulikuwa mkopo wa wazi: mkulima alihitaji fedha ya haraka, nawe uliyempa mapema ulilipwa kwa kupunguziwa bei. Mapunguzo hayo ndiyo yaliyokuwa faida ya watu wa 1982.

Wenye nyumba waliyaona hayo yote, nao si wajinga. Waliona kreti waliyoiuza rahisi ikiuzwa kwa mara ishirini ya bei hiyo na watu ambao hawajawahi kupogoa mzabibu. Wakaamua kuichukua faida hiyo wenyewe, na ni haki yao. Mavuno ya 2009 na 2010 yalitolewa kwa bei ambazo Bordeaux haikuwa imewahi kuziona. Lafite ya miaka hiyo ilimgharimu mnunuzi wa London karibu pauni 10,000 kwa kreti, na kuzidi, kabla hata mvinyo haujaingia chupani. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mvinyo ule ule, sasa ukiwa ndani ya chupa na umeanza kukomaa, ukawa unapatikana chini kabisa ya bei hiyo. Aprili 2012 Château Latour, mali ya François Pinault tangu 1993, ikatangaza kwamba inajitoa kwenye mtindo huu moja kwa moja. Tangu hapo huuhifadhi mvinyo wake yenyewe na kuutoa ukiwa umefikia umri. Nyumba nyingine hazikwenda umbali huo, ila nyingi zimekuwa zikitoa sehemu ndogo ya mavuno na kubaki na iliyo kubwa.

Huu ndio moyo wa hoja yangu. Ile faida inayotangazwa kwenye vijitabu imeshachukuliwa na mwenye shamba kabla mwekezaji hajafungua pochi. Anayenunua leo kwa kuangalia mchoro wa bei za 1982 hadi 2011 ananunua historia ya watu wengine. Mwaka 2024, walipotoa mavuno ya 2023, baadhi ya wakubwa walilazimika kukata bei kwa karibu theluthi ili wapate wanunuzi. Aliyelipa bei kamili ya mavuno ya 2022 mwaka mmoja kabla anajua maana yake.

Upo pia utafiti mzito ambao watetezi huutaja, nami nautaja kwa sababu ni mzuri. Wasomi Elroy Dimson, Peter Rousseau na Christophe Spaenjers walikusanya bei za nyumba tano za daraja la kwanza la Bordeaux kwa zaidi ya karne moja, 1900 hadi 2012. Waligundua kwamba baada ya kutoa mfumuko wa bei pamoja na gharama za ghala na bima, mvinyo ulileta asilimia 4.1 kwa mwaka. Ulizishinda hatifungani za serikali, sanaa na stempu. Vijitabu huishia hapo. Utafiti hauishii hapo: hisa za Uingereza katika muda huo huo zilileta zaidi. Na kumbuka waliopimwa ni wale watano wa juu kabisa, waliohifadhiwa vizuri, walionusurika hadi kufika mnadani. Chupa iliyovuja, iliyopata joto au iliyopotea haimo kwenye hesabu. Kama mabingwa watano wa karne nzima wamezidiwa na hisa za kawaida, yule wakala anayekuuzia nyumba ya daraja la nne kwa ahadi ya asilimia 12 kwa mwaka anategemea nini?

Wauzaji husisitiza pia kwamba Uingereza haitozi kodi kwenye faida ya mvinyo. Msamaha huo upo, na sababu yake inapaswa kumshtua mnunuzi: sheria huihesabu chupa kuwa mali inayotarajiwa kuisha uhai wake ndani ya miaka 50. Ukidai mvinyo wako utadumu na kupanda zaidi ya hapo, mamlaka ya kodi inaweza kukugeukia. Muuzaji anakuambia kwa pumzi moja kwamba kitu hiki ni cha vizazi na kwamba ni cha kuharibika.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni wizi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na biashara hii imejaa mali isiyo na daftari. Mzee mmoja wa kwetu Mombasa, aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi Uingereza, alinionyesha karatasi aliyopewa na kampuni iliyomuuzia mvinyo. Ilikuwa karatasi nzuri, nene, yenye nembo ya dhahabu, jina la nyumba ya Saint-Julien huko Bordeaux, mwaka wa mavuno na idadi ya kreti. Nikamuuliza, "Mzee, namba ya akaunti yako ghalani iko wapi?" Akaigeuza karatasi nyuma na mbele. Haikuwapo. Kreti zilikuwa ghalani kwa jina la kampuni, kama zilikuwapo kabisa, na kampuni ilikuwa imeacha kupokea simu. Mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza haisimamii uuzaji wa mvinyo kama kitega uchumi. Hakuna mfuko wa fidia unaomngoja mtu kama yeye.

Wala si wazee peke yao wanaoibiwa. Berkeley, California, duka lililoitwa Premier Cru liliuza kwa miaka mingi mvinyo ambao bado haujafika, kwa bei nzuri kuliko washindani wake wote. Mvinyo mwingi haukuwa umeagizwa kamwe. Duka lilifilisika Januari 2016, na Desemba mwaka huo mmiliki wake akahukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu, hasara ya wateja ikiwa takriban dola milioni 45. Mwaka 2022 waendesha mashtaka wa New York waliwafungulia Waingereza wawili kesi ya kampuni iliyojiita Bordeaux Cellars. Kwa mujibu wa mashtaka, watu walikopesha karibu dola milioni 99 wakiahidiwa dhamana ya chupa zaidi ya 25,000 ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwapo.

Na chupa ikiwapo, je, ndiyo yenyewe? Machi 2012 polisi wa FBI waliingia nyumbani kwa Rudy Kurniawan, kijana mwenye asili ya Indonesia aliyekuwa akisifiwa kama mwenye mdomo bora kuliko wote Marekani. Walikuta lebo za nyumba kubwa kwa maelfu, vizibo, mihuri, nta, mashine ya kuzibia chupa, na chupa za mvinyo wa kawaida wa California zilizoandikwa kwa mkono majina ya mivinyo ya kale zitakayogeuzwa kuwa. Alihukumiwa miaka 10. Waliodanganywa walikuwa mabilionea wenye wataalamu wa kuwashauri. Kabla yake, Desemba 1985, Christie's ya London iliuza kwa pauni 105,000 chupa ya Lafite ya 1787 iliyochongwa herufi za jina la Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, iliyoletwa na Mjerumani Hardy Rodenstock. Tajiri Bill Koch, aliyenunua chupa nyingine nne za kundi hilo, aliajiri wapelelezi, nao wakahitimisha kwamba herufi zilichongwa kwa kifaa cha umeme. Jefferson alifariki mwaka 1826.

Sitaki kusema kila muuzaji ni mwizi. Wapo wafanyabiashara waaminifu wa miaka mingi London na Bordeaux, na kwao nimejifunza mengi. Ila kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba yenye chupa ambazo kila mtu anazitaka haina haja ya kumpigia simu mtu asiyemjua saa mbili usiku.

Hoja ya ukomavu nayo nisiiache, kwa sababu ndiyo yenye ukweli ndani yake na ndiyo inayopotoshwa zaidi. Zabibu ya Cabernet Sauvignon ya ukingo wa kushoto wa mlango wa mto Gironde, pale Pauillac na Margaux, huzaliwa na tanini kali inayokausha ulimi. Ikilazwa kwenye giza na ubaridi wa nyuzi 12 hadi 14, tanini na rangi hushikamana polepole na kuzama kama mashapo. Ukali hutulia, harufu ya tunda bichi hugeuka kuwa ya mwerezi, tumbaku na udongo wenye unyevu. Siku ya kuifungua, chupa ya miaka 30 husimamishwa tangu jana yake. Kizibo hutoka kikiwa kimelowa hadi karibu na juu, wakati mwingine hukatika vipande viwili. Unamimina taratibu kwenye jagi, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa, ukiangalia uzi mweusi wa mashapo unavyopanda bega. Ukifika shingoni, unaacha. Rangi ndani ya jagi si ya zambarau tena. Ni ya tofali kuukuu, na pembeni imepauka. Chumba kizima kinanuka.

Hayo yote yamo ndani ya chupa, na njia pekee ya kuyapata ni kuifungua. Mwekezaji hawezi. Huko Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna mgodi wa zamani wa mawe karibu na Corsham uliogeuzwa ghala, takriban mita 30 chini ya ardhi, na ndani yake makreti yamepangwa kwa wingi usiohesabika. Mengi hubadilisha wamiliki bila kusogezwa hata hatua moja. Mvinyo unafikia kilele chake, unakipita, unaanza kufifia, na hakuna mtu aliyeonja tone. Mtu aliyeipanda ile mizabibu, aliyechagua shada kwa shada wakati wa mavuno, hakuifanya kazi ile ili chupa yake iwe mstari kwenye jedwali la kompyuta.

Na huku majina yapatayo hamsini yakizungushwa na wawekezaji, Bordeaux yenyewe inaumia. Orodha ya madaraja inayotawala bei hadi leo iliandikwa mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris ya Napoleon III, na madalali waliozipanga nyumba kwa kufuata bei ambazo mvinyo wao ulikuwa ukiuzwa. Badiliko moja tu kubwa limefanyika: Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Nje ya orodha hiyo kuna maelfu ya wakulima. Desemba 2022 waliandamana mjini Bordeaux wakisema hawawezi kuishi kwa bei wanazopewa. Mwaka 2023 ukaanzishwa mpango wa kung'oa takriban hekta 9,500 za mizabibu ya eneo hilo, kwa fidia ya euro 6,000 kwa hekta, na serikali ya Ufaransa ikatenga hadi euro milioni 200 za kugeuza mvinyo uliokosa soko kuwa spiriti ya viwandani. Wengi wa wakulima hawa wanatengeneza mvinyo mzuri. Chupa ya Fronsac au ya Castillon, huko huko Bordeaux, ya euro 15, kutoka kwa mtu anayejua kazi yake, itakaa miaka 10 na kukufurahisha. Haiingii kwenye fahirisi yoyote, kwa hiyo mwenye fedha hana habari nayo.

Hata nje ya Ufaransa ni hivyo hivyo. Mwaka 1976 mjini Paris waonjaji Wafaransa, bila kuona lebo, waliuweka mvinyo wa Stag's Leap ya California juu ya ule wa Mouton na Haut-Brion za Bordeaux. Stellenbosch, Afrika Kusini, nyumba za Meerlust na Kanonkop zimekuwa zikichanganya zabibu za aina za Bordeaux tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mivinyo yao inazeeka kwa heshima. Bei yao ni sehemu ndogo ya bei ya Pauillac.

Kwa hiyo msomaji, kama unaupenda mvinyo huu, nunua kwa mkulima au kwa muuzaji unayeweza kumwona uso, chupa unazokusudia kuzinywa na watu wako, kwa fedha ambayo hutaililia. Akiba ya watoto iweke penye sheria na msimamizi. Na kama tayari una kreti Uingereza, usiiandikie kampuni iliyokuuzia. Liandikie ghala lenyewe, leo, uulize mambo mawili: kreti hizo zipo, na zimeandikwa kwa jina la nani? Ukijibiwa kwamba zipo na ni zako, zichukue uzifungue wakati bado zinanyweka.